Kabla ya Kuchimba Kisima Eastlands

Jirani yangu hapa Njiru, mashariki mwa Nairobi, ni mzee wa Kitui. Alinunua ploti yake wakati majirani wake wote walikuwa miti ya migunga, akajenga nyumba ya bati ya vyumba vitatu, na miaka yote hiyo amekuwa akinunua maji ya mkokoteni. Februari moja ya ukame, mtungi wa lita 20 ulipofika shilingi 50, aliniita nikaone kitu nyuma ya jiko lake. Lilikuwa shimo la futi kumi na nne, kazi ya vijana wawili kwa siku tano, na chini kabisa maji yalikuwa yanametameta.

"Nyumbani," akaniambia, "mto ukikauka tunachimba mchangani kwa mikono. Maji yanatoka meupe, tunakunywa papo hapo. Ardhi yenyewe ndiyo chujio. Sasa mimi hapa nilikuwa nalipa pesa za nini?"

Nilimsihi asiyanywe kwanza. Nikahesabu hatua kutoka shimoni hadi ukuta wa nyuma: tisa. Nyuma ya ukuta ule kuna ploti ya vyumba ishirini, na vyoo vyake vyote vinaishia kwenye shimo la septiki lililobanana na ukuta. Mvua haikuwa imeonekana tangu Desemba. Mto hauko karibu. Basi maji yale, katikati ya Februari, yalitoka wapi? Yalitoka kwa majirani.

Kuhusu Kitui, mzee hakukosea hata kidogo. Mito mingi ya Ukambani hutiririka siku chache tu kwa mwaka, na siku zilizobaki ni barabara ya mchanga. Lakini ndani ya mchanga ule, baina ya punje na punje, mna nafasi zinazofika robo hadi theluthi ya ujazo wake wote, na nafasi hizo hujaa maji. Jua hunyonya ya juu juu tu. Ukishapita kama nusu mita kwenda chini, maji yanakaa miezi na miezi. Wakamba wameyaendeleza maarifa haya kwa mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji unakingama mtoni, mafuriko yanauletea mchanga hadi unajaa, na kijiji kinabaki na tangi ambalo ng'ombe hawezi kulivuruga wala mbu hawezi kutagia mayai. Shirika la SASOL limejenga mamia ya kuta hizo Kitui tangu miaka ya 1990.

Wala si Ukambani peke yake. Mji wa Lamu umenywa kwa vizazi maji ya visima vya Shela, ambako mvua huzama katika vilima vya mchanga, ikachujwa, ikatulia juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni nyepesi kuliko hayo. Nairobi yenyewe, katika miaka ya mwanzo baada ya reli kufika mwaka 1899, ilianza kutegemea chemchemi za Kikuyu: mvua iliyozama katika miamba ya volkeno huko juu na kuchomoza ikiwa safi. Chemchemi hizo hadi leo zinaingiza maji katika mabomba ya jiji.

Mfano unaonichekesha zaidi ni wa Baricho, katika kaunti ya Kilifi. Maji ya mto Nairobi, pamoja na kila tunachokitupa humo kuanzia Gikomba hadi Dandora, huingia mto Athi. Athi ukipokea maji ya Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia Malindi unaitwa Sabaki. Pale Baricho, kando ya mto huo wa rangi ya chai ya maziwa, kuna visima virefu vilivyochimbwa katika mchanga na kokoto za kale za mto, na maji yake husukumwa hadi Malindi na Mombasa. Kwa hiyo Mmombasa anapotuletea majigambo ya bahari yake, mwulize kwa upole maji anayooga yalipitia wapi.

Ardhi inachuja, basi. Swali ni ardhi gani.

Mchanga husafisha maji kwa njia kadhaa kwa pamoja. Unazuia uchafu mkubwa kama chekeche. Vijidudu vidogo vinagandana na punje. Juu ya mchanga hujengeka utando wa viumbe hai wasioonekana kwa macho, na hao huwala wenzao wanaotuletea magonjwa. Halafu kuna muda, ambao watu huusahau: maji yanayotembea polepole mchangani kwa wiki nyingi hufika yakiwa yamewaacha njiani vijidudu waliokufa kwa njaa. Nguvu ya utando na mchanga ilionekana wazi Ujerumani mwaka 1892. Hamburg na Altona ni miji iliyogusana, yote ikinywa maji ya mto Elbe. Altona iliyachuja kwa mchanga, Hamburg haikuyachuja. Kipindupindu kikaua zaidi ya watu 8,000 Hamburg, na kwa sehemu kubwa kikasimama mpakani, mahali pengine mtaa mmoja ukiugua na mtaa wa pili hauna habari.

Turudi Njiru. Jioni ile nilichukua chupa mbili za soda za lita mbili, nikazikata matako, nikafunga kitambaa mdomoni mwa kila moja, nikazining'iniza mdomo chini kwenye waya wa nguo. Moja nikaijaza mchanga wa mto uliobaki kwa fundi. Nyingine nikaijaza mabonge ya ule udongo mweusi uliotoka kwenye shimo la mzee, ulioanikwa juani siku tano. Nikamimina maji ya tope kikombe kimoja kimoja. Kwenye mchanga yalitoka kwa matone, ya kwanza yakiwa na vumbi, ya baadaye yakianza kung'aa. Kwenye udongo mweusi yalipita mbio baina ya mabonge na kutoka meusi kuliko yalivyoingia. Nikamimina tena na tena. Baada ya dakika kumi hivi mabonge yalivimba, yakashikana, na maji yakasimama juu kama chai katika sufuria. Asubuhi yalikuwa bado yamesimama.

Mzee alizitazama chupa zile muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe huu unakunywa kama mlevi: kwanza kwa pupa, halafu analala."

Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu udongo wetu, na sijaona linalolishinda hilo. Udongo mweusi wa Embakasi, Donholm, Kayole, Njiru hadi Ruai, ule unaokuongezea inchi mbili za soli mvua inaponyesha, ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mwezi wa Februari mtoto anaweza kutia mkono mzima katika ufa. Mvua ya kwanza, na chochote kilichomwagika juu ya ardhi, hushuka na nyufa hizo moja kwa moja bila kuchujwa. Nyufa zikijifunga, maji hayashuki tena, yanasambaa uani. Chini ya udongo huo, kwa kina cha mita moja hadi chache, kuna mwamba wa volkeno wenye nyufa zake. Maji yanayokusanyika baina ya udongo na mwamba ndiyo aliyoyafikia mzee, na katika mtaa wenye vyoo vya shimo na septiki kila baada ya hatua ishirini, ni mkusanyiko wa maji taka yaliyopoa.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye ploti upande huu ni mfupi: usichimbe kisima kifupi cha maji ya kunywa. Hata yakitoka meupe. Kama kipo tayari na huwezi kukiacha, maji yake yawe ya kumwagilia miti na kuchanganyia saruji. Na ukiamua kukifukia, kifukie kwa udongo safi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka. Nimeona watu wakigeuza kisima cha zamani kuwa jalala, au mbaya zaidi, kuwa choo. Huko ni kuunganisha choo chako na visima vya wote walio chini yako.

Tunachoweza kufanya ni kumwiga mchanga wa Kitui mahali ambapo Mungu hakuuweka. Tunaazima mambo mawili ya ardhi, uchujaji wa mchanga na ubaridi na giza la chini, na kila kitu kingine tunakiziba.

Tuanze na tangi la chini, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Watu wa Pate, Siyu na Faza wana jabia: sakafu pana iliyopigwa lipu na kuinamishwa, inayopeleka mvua katika tangi lililozamishwa ardhini. Wazee wale walijenga kwa chokaa na mawe ya matumbawe, na hawakuhitaji mchoro wa mtu yeyote. Sakafu yetu sisi ni paa la bati.

Hesabu yake haina siri. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya Nairobi hupungua kadiri unavyokwenda mashariki, kwa hiyo kwa tahadhari tuseme milimita 700 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 60 litapokea lita 42,000. Toa sehemu ya tano inayopotea kwa kuruka na kukauka, unabaki na kama lita 33,600. Ni mitungi 1,680. Lakini usijenge tangi la lita 33,600, maana mvua haiji yote siku moja. Pima tangi kwa kiangazi. Kiangazi chetu kirefu ni Juni hadi katikati ya Oktoba, siku kama 135. Familia ya watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa kunywa, kupika na usafi wa lazima, ni lita 100 kwa siku, yaani lita 13,500. Tangi la mita mbili na nusu kwa mbili na nusu, kina mita mbili na robo, linatosha. Hata ukikosa pesa za hilo, nusu yake itakuvusha hadi Agosti.

Sasa ujenzi. Udongo mweusi ukivimba unasukuma ukuta kwa nguvu ambazo ukuta wa mawe matupu hauziwezi. Utaona ufa mwaka wa kwanza tu. Fundi aondoe udongo mweusi wote hadi afike kwenye changarawe ngumu au mwamba, achimbe pana kuliko tangi, na baada ya kujenga ajazie pembeni kwa changarawe iliyoshindiliwa, asirudishe ule mweusi. Sakafu na kuta ziwe za zege lenye nondo, lipu iwe na dawa ya kuzuia maji, na zege lilowanishwe kila siku kwa wiki nzima. Fundi atakayekwambia kulowanisha si lazima, mlipe siku yake aende. Kona za ndani ziviringishwe, kwa sababu kona kali ndipo ufa huanzia na ndipo tope hujificha.

Mdomo wa tangi uinuke juu ya ardhi, angalau kimo cha goti. Hili naliona limepuuzwa kote Umoja na Kayole: kifuniko kimelazwa sawasawa na sakafu ya kibaraza, wapangaji wanafulia juu yake, na maji ya sabuni yanateremka ndani kwa raha zake. Katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024 mitaa mingi ilifurikwa na maji yaliyochanganyika na ya vyooni, na tangi lenye mdomo chini halikuwa na pa kukimbilia. Kifuniko kiwe na kufuli, bomba la kupumua na la kumwaga ziada yawe na wavu wa kuzuia mbu na panya.

Umbali kutoka kwenye septiki au choo cha shimo usipungue mita 15, na tangi liwe upande wa juu wa mteremko. Najua ploti yako ni futi hamsini kwa mia na jirani amejenga hadi mpakani. Kama umbali huo haupatikani, achana na tangi la chini kabisa. Weka la plastiki juu ya ardhi, kwenye kivuli. Sisemi hivyo kwa furaha, maana maji ya chini ni baridi na hayaoti kijani, lakini tangi la chini lililo karibu na choo ni kisima cha mzee kilichopigwa lipu.

Kabla ya kumlipa fundi salio lake, jaza tangi, lowesha kuta siku moja, kisha piga alama ya msumari mahali maji yalipofika na urudi kesho yake saa ile ile. Kila mtu anaujua mtihani huo. Wachache wanaujua wa pili, nao ndio wenye maana zaidi: mvua kubwa ikiwa imelowesha ardhi, shusha maji ya tangi hadi yabaki kama theluthi, ukaushe kuta za juu, uteremshe tochi kwa kamba uangalie kama kuna michirizi inayotoka ukutani. Ufa unaotoa maji nje wakati wa kiangazi huyaleta ndani wakati wa masika, na yanayoletwa si yako. Usilikaushe tangi kabisa wakati huo. Ardhi iliyojaa maji inaweza kuliinua tangi tupu kama mtumbwi. Na mtu asiingie ndani peke yake. Tangi lililofungwa muda mrefu huishiwa hewa safi, na watu wamefia humo, mmoja kwanza na wa pili aliyeingia kumwokoa. Lifungue mapema, mwenzako akae juu na kamba, na injini ya petroli isiwashwe ndani hata kidogo.

Halafu paa. Baada ya miezi ya jua, bati la Eastlands lina vumbi la barabara, mavi ya njiwa na masizi. Mvua ya kwanza ya msimu ni ya kuosha, si ya kuhifadhi. Mwaga lita moja kwa kila mita ya mraba. Paa letu la mita 60 linahitaji mitungi mitatu ya kwanza iende zake. Fundi anaweza kukuwekea bomba la kusimama lililozibwa chini, linalojaa maji hayo machafu kabla mengine hayajaelekea tangini. Mtu wa kawaida huchomoa tu bomba la gata dakika ishirini za kwanza, na inafaa vilevile kama yuko nyumbani. Wale mnaoishi karibu na jalala la Dandora nawaomba mwe wakali zaidi: uchunguzi ulioagizwa na UNEP na kutolewa mwaka 2007 ulikuta risasi kwa wingi katika damu ya watoto wa jirani na jalala hilo. Moshi hutua juu ya mabati. Maji ya paa huko yawe ya kufulia na chooni. Vivyo hivyo kwa paa kuukuu la asbesto.

Sasa mchanga wenyewe. Chujio la nyumbani hutengenezwa kwa pipa la plastiki lililowahi kubeba chakula, kamwe si kemikali. Chini kabisa weka kokoto kiasi cha vidole vinne, juu yake kokoto ndogo kama maharagwe, halafu mchanga laini kama nusu mita. Bomba la kutolea maji linaanzia chini kwenye kokoto, linapanda nje ya pipa, na mdomo wake unaishia vidole vitatu juu ya usawa wa mchanga. Hapo ndipo ujanja wote ulipo: maji hayawezi kushuka chini ya kimo hicho, kwa hiyo mchanga haukauki, na ule utando wa viumbe hai haufi. Juu ya mchanga weka sahani yenye matundu ili maji unayomimina yasichimbe shimo.

Kazi ngumu ni kuosha mchanga. Malori yanatuletea mchanga wa mto wenye udongo na vumbi la kila aina. Uchekeche, uuweke katika karai, mimina maji, koroga kwa mkono, mwaga. Rudia. Mara ya nne utaanza kuchoka, mara ya nane utaanza kuona vidole vyako chini ya maji. Chota kidogo kwenye glasi, tikisa, hesabu hadi nne: kama mchanga umetua na maji juu yake yana ukungu mwepesi tu, imetosha. Mchanga wa ufukweni, wenye chumvi, haufai.

Mimina maji kila siku kwa wiki tatu kabla ya kuyaamini. Yakitoka haraka, mchanga wako una punje kubwa mno. Lita moja ichukue dakika mbili au tatu. Yakianza kutoka kwa kinyongo, koroga kidogo maji yaliyo juu ya mchanga, chota tope, uendelee. Na usilimwagie chujio maji yenye klorini. Klorini itaua utando ule ule unaokufanyia kazi. Chujio hili ni la maji ya mvua. Maji ya mfereji yana dawa tayari.

Hata hivyo, mchanga hauui kila kitu. Baada ya kuchuja, tia dawa ya klorini kama kibandiko kinavyoelekeza usubiri nusu saa, au chemsha. Kwa urefu wa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, nazo zinatosha kabisa. Yakiisha kutokota kwa dakika moja, zima gesi. Wengine huanika chupa angavu juani saa sita. Ni njia nzuri Januari. Julai yetu, na yale mawingu yasiyofunguka hadi saa nane mchana, sikushauri.

Nimetaja maji ya mfereji, na hapo pana jambo ambalo msimamizi wa ploti yako hawezi kukuambia. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 na linaloweza kubeba mita za ujazo milioni 70, linatuletea maji mengi, na yakitoka kwenye mitambo ya Ng'ethu yanakuwa yamesafishwa. Lakini jiji linakunywa kuliko mabomba yanavyoleta, kwa hiyo mitaa yetu hupewa maji kwa zamu. Bomba likikaa tupu siku nne ardhini, halisukumi tena maji nje kupitia nyufa zake, linanyonya. Kama limepita kando ya bomba la maji taka linalovuja, linanyonya hayo. Wapangaji wenye pampu zilizounganishwa moja kwa moja na bomba la mtaa huongeza mvuto huo. Kwa hiyo siku ya zamu, maji ya kwanza yaache yatoke hadi yatakate rangi na harufu, ndipo ufungue njia ya tangini. Pampu ivute kutoka tangini mwako, isivute kwenye bomba la mtaa. Kutokana na kosa hilo moja, ploti niliyokuwa nikipanga zamani iliharisha ghorofa zote tano kwa wiki moja, na kila mtu akamlaumu muuza samosa.

Mnaoishi kwenye maghorofa ya Pipeline na Tassia mtasema haya yote ni ya wenye ua. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Paa la mita 200 lenye familia arobaini chini yake haliipi kila moja zaidi ya mitungi 140 kwa mwaka. Lakini maji hayo yakielekezwa kwenye vyoo na kuosha ngazi, yale ya mfereji yanabaki kwa sufuria. Na mwenye ghorofa mwombeni jambo moja tu: aoshe tangi la chini mara mbili kwa mwaka, mkiwa mnatazama.

Kuna wanaonunua maji ya kisima kirefu, au wanaotaka kuchanga wachimbe chao. Hayo ni maji ya miamba ya mita mia moja na zaidi kwenda chini, na kwa kawaida vijidudu si tatizo lake kubwa. Tatizo ni floraidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nairobi vinapita hapo. Mchanga hauitoi. Kuchemsha kunazidisha, maana maji hupungua na madini hubaki. Meno ya kahawia ya watoto ndiyo risiti yake. Kisima kirefu kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na kabla hamjatoa shilingi ya mwisho, maji yapelekwe maabara yapimwe floraidi na chumvi. Muuzaji asiye na karatasi ya vipimo, mnunulie ya kufulia.

Mzee wa Kitui alilifukia shimo la nyuma ya jiko kwa wiki mbili, akinung'unika. La pili, la tangi, alilichimba mbele, karibu na lango, hatua ishirini na mbili kutoka kwenye choo chochote, upande wa juu. Chujio lake liko chini ya mwembe, pipa la buluu, na mchanga wake aliuosha mwenyewe. Alikataa kuwaachia vijana kazi hiyo. Mvua za Oktoba ziko njiani. Gata zake amezifagia Jumamosi iliyopita. Zako bado zina majani.